Mtufaha wa Baba, na ule wa kula

Fundi wa ujenzi alikuja Novemba 2018. Akapima ua wetu kwa kamba, akachomeka vigingi vinne, na kigingi cha nne kikaangukia pale pale kwenye shina la mtufaha wa Baba. "Huu utabidi uondoke," akasema, kisha akapokea chai yake.

Mama alikuwa kasimama kwenye dirisha la jiko, hakusema kitu. Magoti yalikuwa yameshamshinda ngazi, na sisi watoto wanne tulikuwa tumeshachangishana pesa za kumjengea chumba cha chini, chenye choo chake. Nyumba yenyewe ni hizi za Portsmouth zilizobanana ukuta kwa ukuta, na ua wake si mkubwa. Chumba kilikuwa hakina pengine pa kukaa. Mti ulikuwa na miaka 34.

Tuliupanda mimi na Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 1984 nilikuwa na miaka saba. Kila Jumamosi Baba alikuwa akinunua maepo ya Cox sokoni Charlotte Street, na usiku baada ya chakula akilimenya moja kwa kisu kidogo na kutugawia robo robo. Hiyo ndiyo ilikuwa peremende yetu. Usiku mmoja akatoa mbegu tatu, akaniambia nilete kopo tupu la maziwa ya unga. Tukajaza udongo, tukafukia mbegu, kopo likakaa nje kwenye kizingiti cha dirisha baridi yote ile. Bila ya kujua tulifanya sawa, maana mbegu ya tufaha haioti mpaka ipate wiki kadhaa za baridi na unyevu. Baridi ilipokatika ikachipua moja.

Lakini hesabu ya Baba ilikuwa hesabu ya Unguja. Kule unatupa kokwa la embe nyuma ya jiko, mwembe unaota, na mara nyingi embe zake utazitambua. Yeye akaamini kapanda Cox. Tukangoja. Mti ukapanda, ukapita ukuta wa jirani, ukapita madirisha ya juu, maua hakuna. Maua ya kwanza tuliyaona mwaka 1993, na matufaha ya kuweza kuliwa 1995. Miaka kumi na moja! Baba akachuma la kwanza, akalimenya kwa kisu kile kile, akatia mdomoni. Sote tunamtazama. Akatafuna taratibu mpaka akamaliza.

"Zuri," akasema. "Kali kidogo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wallahi ndimu ina nafuu.

Ami yangu wa Nizwa ndiye aliyetueleza kosa, tena kwa simu, tena kwa kutucheka. "Nyinyi mmeshakuwa Waingereza hata mmesahau," alimwambia Baba. "Nani anapanda mtende kwa kokwa?" Kweli kabisa. Anayetaka mtende wa khalas hapandi kokwa ya khalas. Anachukua chipukizi linaloota ubavuni mwa mama yake, kwa sababu chipukizi ni mti ule ule, na mtende wa kokwa hujui utakupa tende ya namna gani. Hata hujui kama utakuwa jike au dume.

Mtufaha ndio hivyo hivyo. Ua la Cox linapata chavua kutoka mti mwengine, na kila mbegu iliyomo ndani ya tunda ni mtoto mwenye baba asiyejulikana. Unaweza kupanda mbegu mia za tufaha moja ukapata miti mia isiyofanana, na iliyo mingi kati yao ni michachu au migumu kama yetu. Cox zote zilizopo duniani zimetoka kwenye mti mmoja ulioota mbegu ya Bwana Richard Cox huko Colnbrook, karibu na Slough, mnamo 1825 hivi. Tangu hapo watu wanakata vijiti na kubebesha, wanakata na kubebesha. Bramley, lile tufaha kubwa la kupikia ambalo Waingereza wanatilia kwenye pai, lilianza na mbegu aliyoipanda msichana mdogo mjini Southwell mwaka 1809. Kwa hivyo si kwamba mbegu haitoi kitu kizuri kabisa. Inatoa, lakini ni bahati nasibu, na sisi bahati ile haikutuangukia.

Niseme kidogo juu ya jina, kwa sababu najua wapo watakaoniandikia. Bibi yangu ukimtajia tufaa, akili yake ilikuwa haiji Portsmouth wala sokoni. Ilikwenda Unguja, kwenye tunda jekundu lenye umbo la kengele, nyama nyeupe ya maji maji yenye harufu ya waridi, na mti ambao maua yake yakidondoka yanatandika busati la rangi ya waridi kolezi chini. Hili la Uingereza kwake yeye lilikuwa epo, basi. Na bibi hakukosea. Yule mtufaa wa Unguja ni ndugu wa mkarafuu, ukoo mmoja kabisa. Huu wa Ulaya ni jamaa wa waridi. Ni Kiarabu ndicho kilichotupa jina moja kwa matunda mawili. Hapa naandika tufaha nikimaanisha epo, na bibi atanisamehe.

Baba alifariki mwaka 2009. Miaka miwili baadaye nikataka kumpandia Mama mtufaha wa kula kweli, awe nao badala ya ule wa kutolea machozi. Nikaenda kwenye duka kubwa, nikaona miche imepangwa mlangoni, mizizi imefungwa kwenye mfuko, bei rahisi. Lebo ina picha ya tufaha jekundu na maneno "tufaha la kula", hakuna zaidi. Nikachimba shimo kwenye majani karibu na ukuta, nikaufukia mche mpaka juu ya lile nundu lililo karibu na mizizi, nikaumwagia maji siku ile, nikaondoka zangu. Mwezi wa Agosti ulikuwa umekauka. Duka sina la kulilaumu sana. Kila kitu nilichoweza kukosea nilikikosea.

Nundu lile ndilo jambo lenyewe. Mtufaha unaouzwa ni miti miwili iliyoungwa. Juu ni aina unayoila, chini ni mche mwengine wenye mizizi, na huo wa chini ndio unaoamua mti wako utakuwa mrefu kiasi gani. Ukilifukia nundu, sehemu ya juu inaweza kuotesha mizizi yake wenyewe, na hapo udhibiti wa urefu umekwisha. Liache juu ya udongo, upana wa kiganja au zaidi.

Miche ya chini ina majina kama ya barabara za magari. M inatokana na Malling, kwa kuwa mingi ilipangwa na kupewa nambari kwenye kituo cha utafiti cha East Malling, Kent. M27 inakupa mti mdogo kabisa, usiofika mita 2, unaofaa pipani. M9 ni mita 2 na nusu mpaka 3, unazaa mapema, mwaka wa pili au wa tatu, lakini mizizi yake ni dhaifu, lazima uufungie nguzo maisha yake yote. M26 unaupita kidogo kwa urefu na nguvu. MM106 unafika mita 4 hivi na unavumilia udongo usio mzuri. Mtufaha wa mbegu kama wa Baba hauna wa kuuzuia, ndio maana ukapita madirisha. Mwenye ua kama wetu asinunue mche usioandikwa jina la huo wa chini, hata akipewa bure.

Basi baada ya fundi kuondoka siku ile, nikamuuliza Mama anataka tufanye nini. Dada yangu mkubwa alishasema lake: mti haufai, matunda hayaliki, majani yanaziba mfereji, ukatwe tumalize. Kaka yangu hakutaka hata kulizungumza. Mama akasema, "Kateni. Baba yenu hakupanda mti ili mimi nipande ngazi kwa magoti." Kisha, baada ya muda, akauliza kama unaweza kuhamishwa.

Mti wa miaka 34 hauhamishwi. Ila kulikuwa na jambo moja lililonikaa rohoni. Mti wa mbegu hauna pacha. Cox ukikatwa Portsmouth, zipo nyengine elfu na elfu. Huu ukikatwa, umekwisha duniani. Tufaha lile kali lilikuwa letu peke yetu. Sasa nilikuwa na baridi moja tu ya kufanya kitu, maana fundi alikuwa anarudi mwishoni mwa Machi.

Vijiti vya kubebesha hukatwa mti ukiwa umelala. Januari nikapanda ngazi, nikachukua matawi ya mwaka uliopita, unene wa penseli, nikayakata urefu wa shubiri moja na zaidi, nikayafunga kwenye kitambaa kibichi na mfuko wa plastiki, nikayaweka kwenye friji ya Mama nyuma ya maziwa. Nia ni yabaki usingizini mpaka wakati wa kuyaunga. Wiki ya pili napigiwa simu: "Mwanangu, hii miswaki uliyoniletea mbona haina ladha?" Alishatafuna mmoja. Bahati nilikata kumi na mbili.

Miezi hiyo hiyo nikatafuta na mtufaha wa kula, mara hii kwa utaratibu. Watu wengi wetu tunataka Cox kwa sababu ndilo tulilokula. Nakushauri usianze nalo. Ni tunda zuri kuliko mengi, lakini mti wake ni mgonjwa mgonjwa: madoa meusi ya ukungu, vidonda vya gome, majani kuwa na unga mweupe. Ukiutaka utamu wa namna ile kwa taabu ndogo, ipo Sunset, iliyotokana na mbegu ya Cox. Anayependa kitu kikavu chenye ladha ya lozi atafute Egremont Russet, ngozi yake ya hudhurungi na inakwaruza, watoto wanaikataa mpaka waionje. Mimi nilichagua Discovery. Inaiva mapema, katikati ya Agosti, nyekundu, watoto wakiwa likizo ya skuli. Ubaya wake haikai, ndani ya wiki mbili imeshalegea. Na nikicheka peke yangu niliposoma historia yake: iliota Essex, mwaka 1949 hivi, kwenye bustani ya mfanyakazi wa mashamba aliyepanda mbegu tu za tufaha jengine. Yeye bahati ilimwangukia.

Jambo la chavua usilipuuze. Mtende unaupandisha kwa mkono, mtufaha unapandishwa na nyuki, lakini nyuki lazima atoke kwenye mtufaha wa aina nyengine unaotoa maua wakati mmoja na wako. Mtini, nani atakuambia hayo dukani? Mjini mara nyingi jirani anao, au kuna mtufaha wa mapambo barabarani, nao unafaa. Bramley ya jirani haikusaidii, chavua yake ni dhaifu. Kabla ya kununua, tembea mtaani kwenu mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei uangalie nani ana maua. Mimi nilihesabu mitatu ndani ya nyumba ishirini.

Discovery juu ya M9 tuliipanda Februari 2019, mizizi mitupu bila ya chungu, kwenye kipande cha ua kilichobaki upande wa jua. Mizizi mitupu inauzwa Novemba mpaka Machi, ni rahisi kuliko ya kwenye chungu na inashika vizuri. Shimo liwe pana kuliko refu. Mizizi ikiwa imekauka iloweke kwanza kwenye ndoo. Udongo uliochimba ndio unaourudisha, ukanyage kwa kisigino, funga nguzo. Na majani uyaondoe, duara la mita moja kuzunguka shina, uweke mboji juu bila kugusa gome. Majani ya bustani ndiyo yaliyoniulia mti wa kwanza, yanakunywa maji yote kabla hayajafika chini.

Machi nikaunga vijiti vya Baba. Nilinunua miche mitano ya M26, na nilikuwa nimeshajifunza kwa kuharibu vijiti vya ua wa jirani kwa ruhusa yake. Unakata mche wa chini mshazari, kama unavyochonga kalamu, sentimita 3 au 4. Unakata kijiti mshazari ule ule. Chini ya gome kuna utepe mwembamba wa kijani, huo ndio wenye uhai, na utepe wa juu lazima ugusane na wa chini angalau upande mmoja. Unafunga kwa utepe wa plastiki, unapaka nta kwenye ncha ya juu. Kisu kiwe kikali cha kunyolea. Mikono yangu ilitetemeka, sikufichi.

Fundi akarudi tarehe aliyosema. Mti ulianguka kwa muda mfupi kuliko wa kupika wali. Kaka yangu, yule asiyetaka kuzungumza, alikuja bila kuambiwa, akachukua magogo yote kwenye gari yake. Mama akaomba kipande kimoja cha shina, kimepigwa randa, na mpaka leo anawekea chungu cha moto.

Kati ya vijiti vitano vitatu vilichipua. Kimoja kiko kwa dada Leicester, yule yule aliyetaka ukatwe tumalize. Kimoja kwa kaka. Kimoja kwenye pipa kubwa mlangoni pa chumba kipya.

Kazi ya baadaye si nyingi, lakini ina wakati wake. Miaka miwili ya mwanzo ni maji. Wakati wa kiangazi ndoo moja kubwa au mbili kwa wiki, si kunyunyizia kila siku. Julai 2022 Uingereza ilipopita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, Mama alikuwa akiupa mti maji ya kuoshea mchele, na ukapona. Kupogoa ni baridi, mti ukiwa umelala: toa kilichokufa, kinachosuguana na kinachoelekea katikati, uache umbo la bilauri, hewa ipite. Usikate kwa hasira. Ukitoa zaidi ya moja ya tano kwa mwaka mti unakujibu kwa fimbo nyingi zisizo na maua.

Kilichotugombanisha ni kupunguza matunda. Mwezi wa Juni mti wenyewe unadondosha matufaha machanga, usishtuke. Lakini hautoshi. Inabidi ukate mengine, ubakishe moja au mawili kwenye kila kichala, na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 baina yao, ama sivyo utapata mengi madogo yasiyo na utamu, na mwaka ujao mti unapumzika. Mama alinikuta na mkasi. "Unatupa riziki!" Nikamueleza. Akasikiliza, akasema ndiyo, nilipoondoka akanifungia mlango wa uani. Mwaka ule tawi la upande wake lilizaa matufaha ya ukubwa wa limau.

Na kama tunda lina tundu na ndani mna uchafu wa kahawia, ni kiwavi wa nondo. Tundika mtego wa harufu mwezi wa Mei, na yaliyoanguka yazoe usiyaache chini.

Mtoto wa ami yangu yuko Maskati, alipoona picha akataka nimletee kijiti kwenye begi. Nilikataa, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni sheria: vijiti vinabeba maradhi, nchi hazikubali bila cheti cha afya ya mimea, na mashamba ya watu si ya kuchezea. Ya pili ni baridi. Mtufaha wa kawaida unahitaji mamia ya saa za ubaridi, nyingi ya aina hizi kati ya 800 na 1,000 chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo uamke sawa sawa. Pwani ya Oman haiupi hata chembe ya hizo. Jabal Akhdar ni habari nyengine, kule Saiq kwenye mita 2,000 hivi, ambako makomamanga na mawaridi yanastawi na mitufaha pia imo. Kwa wa bondeni, zipo aina zisizotaka baridi nyingi kama Anna na Dorsett Golden, hii ya pili iliota Bahamas. Hata hizo zinataka usiku wa baridi kidogo, maji na kivuli cha mchana. Nilimwambia aulize kwanza kwa wauza miche wa huko huko. Kapanda mkomamanga.

Agosti 2022 Discovery ilitupa matufaha kumi na saba. Hulivuti tunda kwa nguvu. Unaliweka kiganjani, unaliinua, unalizungusha kidogo, likiwa limeiva kikonyo kinaachia chenyewe. Nililimenya la kwanza kwa kisu cha Baba nikamkatia Mama robo, kitandani kwake. Ngozi nyekundu, na wekundu umeingia kidogo kwenye nyama. Akala. "Hili ndilo tufaha," akasema. "Tamu."

Mwaka ule ule kijiti cha Baba pipani kilizaa mawili tu, ya kijani. Nilimletea kwa mzaha. Akalikata moja vipande vyembamba, akasema nimfuatie chumvi na pilipili jikoni, kama tunavyokula embe mbichi, na akalimaliza lote. Kumbe miaka yote ile, Baba akiwa kazini, ndivyo alivyokuwa akiyala. La pili akanambia nisiliguse, analitilia achari.